Plagi za pikapu kuukuu: zisome za zamani kabla ya kununua mpya

Ikiwa unaishi Bulla Pesa au mtaa mwingine wowote wa mji wa Isiolo, bila shaka unaijua sauti ya pikapu kuukuu inayokataa kuwaka alfajiri. Stata inalia, injini inakohoa mara mbili tatu, kisha kimya. Majirani wanaitwa kusukuma. Ikiwaka, inaondoka ikirukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba mguuni, na moshi mweusi unaifuata nyuma.

Kwa mwenye gari hilo si jambo la kuchekwa. Pikapu hiyo ndiyo karo ya watoto, ndiyo unga na ndiyo kodi ya nyumba. Mchana hubeba mbuzi wa sokoni, mitungi ya maji au magunia ya duka. Usiku wa manane, ikibidi, hubeba mgonjwa kumpeleka hospitalini. Ikizima njiani, hasara haiishii kwenye gari peke yake. Mbuzi hufika sokoni wanunuzi wamekwisha kwenda, na mgonjwa hawezi kungoja.

Aghalabu, mwenye gari hukimbilia duka la spea na kusema, "Nipe plagi nne za pikapu." Muuzaji hutoa zile zilizo karibu na mkono wake, pesa zinabadilishana mikono, na baada ya majuma machache gari linakohoa tena. Kosa la plagi mpya? Pengine si kosa lake hata kidogo. Plagi za zamani zilikuwa zimeeleza ugonjwa wote, lakini zilitupwa jalalani bila kutazamwa.

Leo basi tuzungumze juu ya jinsi ya kuchagua plagi za gari la zamani. Huhitaji kuwa makanika. Unahitaji macho mazuri, subira, na gazeti la kutandaza chini.

Je, gari lako lina plagi?

Swali hili laweza kukuchekesha, lakini kuna waliokwisha kufunga safari dukani bure. Malori mengi yanayopita Isiolo kuelekea Marsabit na Moyale hutumia dizeli, na injini ya dizeli haina plagi za cheche. Humo ndani hewa hubanwa kwa nguvu nyingi mpaka inakuwa na joto la kuwasha mafuta yenyewe. Baadhi ya injini za dizeli zina plagi za kupasha joto ili zipate kuwaka wakati wa baridi, lakini hizo ni kitu kingine kabisa.

Tunayozungumzia hapa ni magari ya petroli: Datsun 1200, Toyota Hilux za zamani, Peugeot 504, Land Rover na ndugu zao wa umri huo. Wengi wa magari hayo yana karbureta na distributa, na silinda nne, kwa hiyo plagi nne.

Kazi ya plagi ni ndogo kwa umbo na kubwa kwa maana. Koili hutoa umeme wenye nguvu nyingi, distributa huugawa kwa zamu, na kwenye ncha ya plagi umeme huruka pengo dogo na kutoa cheche. Cheche hiyo ndiyo huwasha mchanganyiko wa petroli na hewa na kusukuma pistoni. Mwaka 1902, mhandisi Gottlob Honold wa kampuni ya Bosch, Ujerumani, alikamilisha mfumo wa kutoa umeme mkali kwa plagi, na tangu hapo kanuni hiyo haijabadilika sana. Ndiyo sababu gari lenye umri wa miaka 40 bado linaweza kupata plagi nzuri leo, mradi mwenyewe ajue anachokitafuta.

Zisome plagi za zamani

Endesha gari kwanza mwendo wa kawaida, likiwa na mzigo wake, kisha lizime na uliache lipoe. Usisome plagi za gari lililokuwa likinguruma tu bila kutembea, maana hizo zitakuwa nyeusi kila siku na zitakudanganya.

Kabla ya kufungua, puliza vumbi lililojaa kuzunguka kila plagi. Pampu ya magurudumu yatosha. Vumbi la Isiolo likitumbukia ndani ya silinda hugeuka msasa na kula kuta za injini. Katika injini ambazo plagi huzama ndani ya mashimo marefu, kama ile ya Peugeot 504, uangalifu huo uwe maradufu. Kisha fungua plagi moja moja na uzipange juu ya gazeti kwa utaratibu zilivyokuwa kwenye injini: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Gazeti hili litafaa, ukishamaliza kulisoma.

Sasa tazama rangi ya ile kaure nyeupe iliyo kwenye ncha.

Ikiwa ni ya kahawia hafifu au kijivu, shukuru. Injini inachoma vizuri na plagi za aina hiyo ndizo zinazoifaa. Nunua nyingine za namba ile ile. Vitabu vya zamani husema rangi njema ni kahawia iliyokolea kidogo, lakini viliandikwa wakati petroli ilitiwa madini ya risasi. Kenya iliachana na petroli hiyo kufikia mwaka 2006, na plagi za siku hizi huwa na rangi nyepesi zaidi. Usishtuke.

Ikiwa ni nyeusi, kavu, na inaacha masizi kidoleni, injini inapewa petroli nyingi kuliko hewa. Tazama filta ya hewa kwanza, maana katika barabara za vumbi huziba upesi. Kisha choki, isije ikawa imekwama. Kisha karbureta. Ukinunua plagi mpya bila kusafisha filta, umenunua masizi mapya.

Ikiwa ni nyeusi lakini imelowa na inateleza kwa oili, habari si njema. Oili inapenya ndani ya silinda, ama kwa sababu ringi za pistoni zimechakaa au kwa sababu mipira ya valvu imekwisha. Plagi mpya itasaidia kwa siku kadhaa, halafu italowa kama mwenzake.

Ikiwa kaure ni nyeupe kama chokaa, ina malengelenge, au ncha ya chuma imeanza kuyeyuka, simamisha safari. Plagi hiyo ilikuwa inapata joto kupita kiasi. Pengine petroli ni haba, pengine taiming ya cheche imewekwa mapema mno, pengine maji ya rejeta hayazunguki, au plagi yenyewe si ya injini hiyo. Ukipuuza, kitakachoyeyuka baada ya plagi ni pistoni.

Jambo moja zaidi, nalo ni la thamani kuliko yote: zilinganishe plagi nne. Zikiwa zote zina rangi moja mbaya, ugonjwa uko kwenye kitu kinachohudumia silinda zote, kama vile karbureta, filta, taiming au petroli yenyewe. Ikiwa tatu ni nzuri na moja ni mbaya, ugonjwa uko kwenye silinda hiyo moja au kwenye waya wake. Kipimo hiki hakigharimu hata senti, na chaweza kukuokoa na makanika anayetaka kufungua injini nzima.

Mambo manne ya kupima

Tuseme sasa umeridhika kwamba plagi zimechakaa kwa umri. Kuna mambo manne ambayo lazima yalingane na injini yako.

La kwanza ni unene wa thredi, yaani ile sehemu ya kukazia. Magari mengi ya zamani hutumia milimita 14, ingawa ziko injini zenye kipimo tofauti. Hapa ni vigumu kukosea, kwa sababu plagi isiyo ya kipimo haitaingia.

La pili ni urefu wa thredi, na hapa ndipo penye hatari. Urefu unaopatikana sana ni wa aina mbili: milimita 12.7, yaani nusu inchi, na milimita 19, yaani robo tatu ya inchi. Zote mbili zaweza kuwa na unene ule ule wa milimita 14, kwa hiyo zote zitaingia kwenye tundu na kukazika bila matata. Lakini ndefu ikiingizwa mahali pa fupi, ncha yake yaweza kugongwa na pistoni. Fupi ikiingizwa mahali pa ndefu, cheche hutokea ndani ya shimo, moto unawaka vibaya, na thredi zilizobaki wazi hujaa masizi magumu. Siku utakapotaka kurudisha plagi ya kweli, haitaingia. Kwa hiyo, nenda dukani na plagi ya zamani mkononi, uisimamishe kando ya ile mpya kabla ya kulipa. Hata hivyo, ikiwa gari ulilinunua mkononi mwa mtu, usiamini plagi uliyoikuta mpaka uilinganishe na kijitabu cha gari. Huenda aliyekutangulia alikosea.

La tatu ni daraja la joto. Ncha ya plagi hufanya kazi vizuri ikiwa kati ya nyuzi joto 500 na 850 za Selsiasi, au karibu na hapo. Chini ya hapo haichomi masizi yake yenyewe. Juu sana ya hapo inakuwa kama kaa la moto, inawasha petroli kabla ya wakati. Plagi "baridi" hupoteza joto lake haraka, na plagi "moto" hulishikilia.

La nne ni pengo ambalo cheche huruka. Katika injini nyingi za karbureta ni karibu milimita 0.8, lakini kijitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Usidhani plagi imetoka kiwandani tayari. Pima kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya chuma vyenye namba. Ukitaka kupunguza pengo, pinda ule ulimi wa pembeni taratibu. Ncha ya katikati usiiguse kamwe.

Namba zinazosema kinyume

Tazama plagi ya NGK, kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa mwaka 1936, yenye maandishi BP5ES. Herufi B yaonyesha thredi ya milimita 14. P yaonyesha kwamba ncha imechomoza. Namba 5 ni daraja la joto. E ni urefu wa milimita 19. Sasa tazama BP5HS. Herufi moja tu imebadilika, lakini H maana yake ni milimita 12.7. Herufi moja, na injini imeharibika.

Ukiona R katikati, kama BPR5ES, plagi hiyo ina kizuizi ndani cha kupunguza makelele ya redio. Injini ya zamani kwa kawaida haikatai plagi yenye R, lakini kama kijitabu hakiitaji, hulazimiki kuitafuta.

Mtego mkubwa ni ile namba ya joto. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi inakuwa baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume: namba ikipanda plagi inakuwa moto zaidi. Hata NGK na Denso, ingawa zinaelekea upande mmoja, hazihesabu sawa, kwani namba 5 ya NGK hukaribiana na 16 ya Denso, na 6 hukaribiana na 20. Kwa hiyo muuzaji akikwambia, "Mzee, chukua hii, namba ni ile ile, kampuni tu ndiyo tofauti," mshukuru kwa upole na umwombe kitabu cha kulinganishia namba. Duka zuri linacho. Lisipokuwa nacho, ngoja.

Joto la Isiolo na mlima wa Nanyuki

Wako wanaosema kwamba kwa kuwa Isiolo kuna jua kali, plagi lazima ziwe baridi zaidi. Fikiri kidogo. Ncha ya plagi hufanya kazi kwenye mamia ya nyuzi joto. Jua la mchana wa Bulla Pesa likiongeza kumi au kumi na tano, kwa plagi hiyo ni tone baharini. Jua huumiza rejeta na kulisumbua petroli lililo kwenye mipira. Plagi haliisumbui sana. Anza daima na daraja lililoandikwa na waliotengeneza gari.

Kinachobadilisha mambo ni kazi ya gari. Pikapu inayozunguka mjini pole pole, ikisimama kila hatua mia, hujaza masizi. Ile inayopanda milima na mzigo mzito kila siku hupata joto. Ukiwa umehakikisha kila kitu kingine ki sawa, na bado plagi zinasema joto limezidi au limepungua, waweza kubadilisha daraja moja tu, kisha usome tena.

Kumbuka pia kwamba mji wa Isiolo uko kwenye kimo cha kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na Nanyuki uko karibu mita 1,950. Hewa ya huko juu ni nyepesi, lakini karbureta ya zamani haijui hilo, inamwaga petroli kama kawaida. Kwa hiyo ukitoka Nanyuki na masizi kidogo kwenye plagi, usikimbilie dukani. Endesha siku mbili tatu huku chini kwanza, kisha usome.

Na petroli yenyewe je? Miaka mingi mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko mafuta ya magari, na wafanyabiashara wasio na haya wakayachanganya. Mwaka 2018 serikali iliyatoza mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kukomesha mchezo huo. Lakini ikiwa plagi zote zimekuwa nyeusi ghafla na injini inagonga ikipanda mlima, ukumbuke ni wapi ulipojaza tangi mara ya mwisho.

Jihadhari na za bandia

Plagi ni ndogo, ina jina kubwa, na inanunuliwa na watu wasioitazama. Hiyo ndiyo bidhaa apendayo mwenye kughushi. Kenya ina sheria ya kupambana na bidhaa bandia tangu mwaka 2008, lakini sheria haitakusimamia dukani. Tazama mwenyewe. Maandishi kwenye kaure yawe safi, yasifutike kwa kidole. Ulimi wa pembeni uwe umekaa sawasawa juu ya ncha ya katikati. Thredi ziwe laini. Na ile washa ya kuzuia hewa, katika plagi halisi nyingi, huzunguka lakini haichomoki kwa urahisi. Ikianguka yenyewe ukiipindua plagi, rudisha.

Wala usishawishike na plagi za iridiamu za bei kubwa. Ni nzuri na hudumu, lakini katika injini kuukuu inayokula oili zitachafuka vile vile. Zile za kawaida, halisi, zinatosha. Badilisha zote nne pamoja, na uzitazame kila baada ya kilomita 10,000 hivi.

Kuzifunga

Ngoja injini ipoe kabisa, hasa yenye silinda hedi ya alumini. Weka alama kwenye waya kabla ya kuzichomoa, maana zikibadilishana nafasi gari halitawaka au litalipuka kwenye egzosi. Ingiza plagi kwa vidole, bila spana, mpaka ikome. Ikikataa, itoe uanze upya, usilazimishe. Ikishakaa, plagi mpya yenye washa huhitaji nusu mzunguko tu wa spana, au zaidi kidogo. Wengi hukaza kwa nguvu zote kama wanaofunga nati za gurudumu, na siku ya kufungua wanatoka na thredi za hedi. Kuchonga thredi mpya ni gharama inayozidi mbali bei ya plagi nne.

Na ikiwa umefanya yote haya na gari bado linakohoa, usirudi dukani. Tazama waya zilizopasuka, kofia ya distributa, pointi na kondensa. Cheche haiwezi kuruka kwenye plagi ikiwa haijafika.

Mpenzi msomaji, usipoziba ufa utajenga ukuta. Familia inayotegemea pikapu moja haina akiba ya kubahatisha. Chukua daftari la matumizi ya nyumba, andika mle namba ya plagi zinazofaa, pengo lake, na kilomita gari lilizokuwa nazo siku ya kuzifunga. Ziweke zile za zamani ambazo bado ni nzima kwenye mkebe chini ya kiti, pamoja na spana yake. Usiku utakapoamshwa kwamba jirani ameshikwa na uchungu, utageuza ufunguo na injini itaitika.